Upande wa Pili wa Ingobyi

Maneno yaliyosemwa na mzazi mmoja mbele ya mkutano wa jamaa, Rumonge



 Nilipoombwa kusema katika mkusanyiko huu niliambiwa nichague habari ya kupendeza, kwa kuwa siku yenyewe ni ya furaha na maneno yatatiwa katika kitabu cha ukumbusho. Nikauliza kama naweza kusema habari za mtoto wangu. Katibu alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Sema." Basi kama maneno yangu yatapunguza ladha ya pilau, lawama ni yangu, si yake.

Mwanangu ana miaka 14. Hajapata kutembea hata hatua moja, wala hajapata kutamka neno ambalo mtu asiye wa nyumba yetu angelifahamu. Alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, akatoka kimya, hakulia. Miezi ikapita; watoto waliozaliwa pamoja naye wakaanza kukaa, wakatambaa, wakasimama kwa kushika ukuta, naye shingo yake ilikuwa bado yaanguka huku na huku. Tukaambiwa ni jicho la watu. Tukaambiwa ni jini wa ziwani. Tukaambiwa kwamba mama yake alivuka mto usiku hali ana mimba. Nikatoa mbuzi wawili na kuku ambao hesabu yao nimeisahau. Mwisho wake daktari mmoja akatuandikia herufi tatu kwenye karatasi, IMC, kama waandikavyo madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa. Ndugu zetu wa Tanzania huita mtindio wa ubongo.

Daktari yule alikuwa mtu wa subira, akanieleza kwa lugha nyepesi. Ubongo wa mtoto ukikosa hewa wakati wa kuzaliwa, hata kwa dakika chache, sehemu yake hufa, na sehemu iliyokufa haifufuki. Mara nyingine sababu huwa nyingine: manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa upesi, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani, ambayo sisi watu wa pwani hii ya joto twaijua sana. Viungo vya mtoto ni vizima. Yule anayeviamrisha ndiye aliyejeruhiwa. Akasema neno jingine ambalo wakati ule sikulitia maanani: jeraha lile haliongezeki, lakini mtoto ataongezeka. Leo nimelifahamu. Mtoto wa mwaka mmoja asiyeweza kukaa huchukuliwa mgongoni, na mpita njia hatambui kitu. Wa miaka 14 ni mzigo wa gunia, nao hubebwa na mwanamke yule yule, ambaye mgongo wake umezeeka.

Nataka mjue siku ya nyumba kama yetu inavyokwenda, maana nimegundua kwamba watu hutuhurumia bila ya kuijua. Mke wangu huamka kabla ya adhana ya alfajiri, si kwa ajili ya ibada peke yake. Humgeuza mtoto, kwa kuwa hawezi kujigeuza, na akilala upande mmoja mpaka jua kutoka, ngozi ya nyonga huanza kuchubuka. Humsafisha kama asafishwavyo mtoto mchanga. Nguo za usiku ule lazima zifuliwe siku ile ile, na maji ya bomba yakikatika ni lazima yatafutwe ziwani. Baadaye hukunjua mikono na miguu yake polepole, kiungo baada ya kiungo, kama alivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule tuliyezoea kumwita kine. Asipofanya hivyo wiki moja, misuli hukaza kama kamba iliyokaushwa juani.

Kisha chakula. Ndagala zikikauka vizuri husagwa zikawa unga, zikatiwa katika uji mzito pamoja na tone la mawese. Uji ukiwa mwepesi humpalia. Lazima mtoto ashikwe ameketi wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kiingie kwa upande, angojewe ameze, halafu kingine. Anayemlisha amelala chali amwogope Mungu, kwa maana chakula huingia mapafuni, na watoto wengi wa namna hii hufa kwa kichomi ambacho watu husema ni kudra. Mlo mmoja ni saa nzima. Hesabuni milo mitatu. Na katika saa hizo tatu, mikono miwili ya mama ina kazi. Hawezi kwenda kuanua ndagala mchangani, hawezi kukaa sokoni, hawezi kupika ngazi wala kukamua mawese, na mtoto wake mdogo akianguka uani husikia tu kilio.

Alipofika miaka mitatu kifafa kikaongezeka juu ya hayo. Katika jambo hili niliona ajabu: watu waliokuwa wakitutembelea wakaacha, kwa kuamini kwamba povu la mgonjwa huambukiza. Haliambukizi. Mtu akianguka kifafa mlaze kwa ubavu, ondoa jiwe au moto ulio karibu naye, usimtie kijiko wala kidole kinywani, ungoje; kikizidi dakika tano, mkimbize kwa daktari. Na dawa ya kila siku isikatwe kwa ghafula kwa sababu mtoto ameonekana kupona. Sisi tuliikata mara moja, fedha zilipotuishia, na usiku ule sitausimulia.

Lugha yetu nayo ina visa vyake. Twasema kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, na wote hao tumewatia katika ngeli moja na kiti, kisu na kikapu. Warundi nao husema ikimuga. Sisemi kwamba wazee waliobuni maneno hayo walikuwa na nia mbaya. Twasema pia kijana na kiongozi, wala sijapata kumsikia kiongozi akinung'unika. Ila nimesikia jinsi neno hilo linavyotamkwa sokoni mama apitapo na mtoto wake, na mama naye husikia.

Wako wanaoficha watoto wao ndani, nasi hupenda kuwalaumu. Tusiharakishe. Mwaka 2008, upande wa mashariki wa nchi yetu, watu wenye ualbino waliuawa na viungo vyao vikachukuliwa kuuzwa kwa waganga. Ikafika mahali mwendesha mashtaka wa Ruyigi, Nicodème Gahimbare, akawapa hifadhi nyumbani kwake. Mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi ikawahukumu waliohusika. Mzazi aliyemfungia mtoto wake ndani katika siku zile alikuwa na sababu yake. Ninaowazungumzia mimi ni wale tunaoficha kwa aibu, na katika hao nimo. Kwa miaka tisa, Idd zote mbili, tulivaa nguo mpya tukaenda uwanjani kuswali, na mwanangu akabaki nyumbani na dada yake mkubwa. Yule dada naye alikosa Idd miaka tisa, na hapana aliyemwuliza.

Kuficha kwa aibu kuna hasara yake dhahiri. Mtoto akizaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, madaktari wana njia iliyoletwa na Ignacio Ponseti: mguu hufungwa plasta, ikabadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, ukarudishwa kidogo kidogo, na baadaye mtoto akavalishwa viatu maalumu vyenye kipande cha kuviunganisha. Akianza katika wiki zake za mwanzo, aghalabu atakimbia kama wenzake. Akifichwa mpaka atakapokuwa na miaka kumi, kazi huwa ngumu mno. Naamini katika vilima vya nyuma yetu wako watoto waliofichwa ambao kilema chao kilikuwa cha kutibika.

Sasa nitasema jambo ambalo sijapata kulisema hadharani. Wavuvi mliopo mwajua kwamba ndagala huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwashwa juu ya maji. Mbalamwezi ikijaa twapumzika siku kadhaa, twashona nyavu. Wenzangu huipenda mbalamwezi, maana hulala nyumbani. Mimi nilikuwa nikiichukia. Usiku wa giza, katikati ya ziwa, hapana mtoto anayelia, na mtu akiuliza nilikokuwa nitamjibu kwamba nilikuwa natafuta riziki. Jibu hilo hapana awezaye kulipinga. Siku za mbalamwezi sikuwa na jibu. Watu walinisifu kwamba mimi ni mtu wa subira. Subira ilikuwa ya mke wangu. Mimi nilikuwa na mtumbwi.

Aliyenifumbua macho ni kikongwe mmoja jirani yetu, mjane, hakusoma hata darasa moja. Siku ya Alhamisi aliingia uani kwetu kuomba moto. Akamkuta mke wangu ameketi chini na mtoto mapajani, bakuli la uji limepinduka, naye halii wala hasemi, anatazama ukuta. Kikongwe hakumpa nasaha, wala hakumwambia kwamba Mungu yu pamoja na wenye kusubiri, ingawa ni kweli, nasi tulikwisha kuambiwa mara elfu. Alikaa juu ya mkeka, akanyosha mikono, akasema, "Niletee, mwanangu. Shingo yake mwaishikaje?" Akaonyeshwa. "Haya, nenda kaoge." Mke wangu akaoga. Aliporudi kikongwe akasema, "Sasa kalale."

Akalala tangu baada ya adhuhuri mpaka magharibi. Nilipofika kutoka bandarini nikamkuta amelala vile mchana, nikaogopa, nikamtikisa bega. Kikongwe akanikemea, "Mwache, baba. Huyu ana usingizi wa miaka."

Tangu siku ile alikuja kila Alhamisi, baada ya adhuhuri, akaketi na mtoto mpaka jua kutua. Hakujua IMC ni nini. Hakuponya chochote. Lakini mke wangu alikuwa na Alhamisi, na mtu mwenye Alhamisi aweza kuivumilia Jumatano. Bibi yule alifariki, Mungu amrehemu, na baada ya matanga yake siku hiyo ikawa ndiyo nzito kuliko zote nyumbani kwetu.

Wazee wangu, mwaijua ingobyi. Kwa Kirundi ni ile ngozi au nguo ambayo mama humfungia mtoto mgongoni, na neno hilo hilo ni jina la machela ya kumchukulia mgonjwa kutoka mlimani mpaka hospitali. Ingobyi ya kwanza hubebwa na mtu mmoja. Ya pili hapana mtu mmoja awezaye kuibeba: huhitaji watu mbele na watu nyuma, na wengine wafuate ili waliochoka wapokewe, na jirani asiyekwenda hutajwa mtaani kwa muda mrefu. Mtoto wa jirani mzima huanza katika ingobyi ya kwanza, akashuka, akatembea. Wa kwetu hakushuka. Alikua humo, akawa mzito wa ingobyi ya pili, na aliyembeba ni yule yule mmoja.

Wala si kwamba watu wetu hawajui kubebana. Katika msiba wa mwaka 1972, ulioanzia huku kwetu kando ya ziwa mwishoni mwa mwezi wa Aprili, wengi walivuka kwenda Kigoma na wengine upande wa Kongo, na wazee wetu hutusimulia juu ya vikongwe na wagonjwa waliochukuliwa migongoni na watu ambao hawakuwa wa ukoo wao. Mwaka 2015 tena, makumi ya maelfu walisongamana Kagunga, kipindupindu kikaingia, na ile meli ya zamani ya Liemba ikawa yawapeleka Kigoma. Siku za namna hiyo hapana anayeuliza mzigo ni wa nani. Hata maji ya ziwa yalipopanda miaka hii, yakaingia katika nyumba za kando, vijana wa mtaa walimtoa mwanangu kwa kitanda chake kabla sijawaita. Nawashukuru. Ninachouliza ni juu ya Jumanne ya kawaida, maji yakiwa mahali pake na nchi ikiwa shwari. Siku hiyo ingobyi yetu haionekani, kwa kuwa imo ndani ya ua.

Serikali ina sehemu yake. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na mwezi wa Januari 2018 ikatungwa sheria yetu wenyewe. Shule ya msingi iliondolewa ada mwaka 2005, na tangu mwaka 2006 mtoto aliye chini ya miaka mitano hutibiwa bure. Haya si haba. Lakini mwanangu hakuacha kuwa mgonjwa alipotimiza miaka mitano. Vituo navyo vipo: Saint Kizito mjini Bujumbura kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, Akamuri kwa wale wenye ulemavu wa akili, na Gitega kipo kituo cha taifa kinachotengeneza miguu ya bandia na vyuma vya kutegemeza viungo. Kutoka hapa mpaka Bujumbura ni kilometa 70 na zaidi. Tangu mafuta ya gari yalipoadimika, nauli imepanda, na dereva akimwona mama mwenye mtoto wa kulazwa humhesabia viti viwili. Simlaumu sana; naye hununua mafuta kwa bei ya taabu. Nasema tu kwamba njia ya kwenda kwa mtaalamu hukatikia kituo cha basi.

Katika dini yetu sihitaji kuwafundisha mnaonizidi elimu. Nakumbusha mambo mawili tu. Bwana Mtume alikuwa akianza swala kwa nia ya kuirefusha, akisikia mtoto analia akaifupisha, kwa kujua taabu anayoipata mama yake. Yaani swala yenyewe ilipunguzwa kwa ajili ya mama mmoja aliye safu ya nyuma. La pili ni habari ya Abdullahi bin Ummi Maktum, kipofu, ambaye kwa sababu yake iliteremshwa Sura ya Abasa. Yeye aliadhini, na Mtume alipotoka Madina alimwachia mji zaidi ya mara moja awaswalishe watu. Hakupewa sadaka akaambiwa akae kando; alipewa kazi.

Nayasema haya kwa sababu sisi twatoa sadaka. Kila mwisho wa Ramadhani nyumba yetu huletewa mchele na kitenge, nasi huona haya kukataa. Mchele ni mwema. Lakini mchele huliwa siku tatu, na mwaka una siku 354 kwa hesabu yetu. Mimi naombea nyumba zote za namna hii, ambazo katika mji huu na katika Minago, Kizuka, Magara mpaka Nyanza-Lac mwazijua wenyewe, jambo lililo rahisi kuliko mchele na gumu kuliko mchele: mtu aje akae. Adhuhuri hata alasiri, siku moja katika wiki. Ajifunze shingo inavyoshikwa. Mama alale, au aende sokoni, au aende msibani kama watu wengine. Na katika sanduku la chama litengwe fungu la nauli ya Bujumbura na Gitega, lisichanganywe na fungu la sherehe.

Nina neno kwa walimu wa madrasa, nalo nalisema kwa adabu. Msimrudishe mtoto kwa kuwa hawezi kukaa kimya au kushika kalamu. Mwanangu hasemi, lakini Kurani ikisomwa hugeuza uso upande wa sauti, na mkono wake uliokaza hulegea. Kine alitumia miezi kuutafuta ulegevu huo. Mwekeni mkekani kwa nyuma. Akipiga kelele, wenzake watazoea kabla yenu. Watoto ni wepesi katika jambo hili. Na vile vidaraja vitatu vya mlango wa msikiti, fundi mmoja kwa siku mbili angeweza kuvijazia upande, gurudumu likapita.

Nimesema na katibu. Kesho baada ya swala ya alasiri litakuwapo daftari juu ya meza yake, kurasa zimegawanywa pande mbili: upande wa kwanza nyumba zenye haja, upande wa pili watu watakaokwenda, pamoja na siku na saa. Wanaume pia waandikwe, maana mtoto akikua ni lazima awepo mwenye nguvu za kumwinua. Nyumba yetu haimo upande wa kwanza. Alhamisi sasa siendi ziwani, iwe giza iwe mbalamwezi. Najua kulisha, ingawa mke wangu husema namwaga nusu. Yeye amejiandika upande wa pili, Jumatatu asubuhi, kwa mama mmoja wa mtaa wa juu ambaye mtoto wake ana miezi minane na shingo haijakaza. Saa hizo nitabaki na wetu.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.